Shauri la Damu ya Zikri

Kedeshi, mwezi wa Buli, siku chache baada ya mwezi kuandama

Dada Atara,

Amani kwako na kwa watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Miguu ilichubuka sana njiani lakini imeanza kupona. Mke wa Mlawi aliyenipokea ananipaka mafuta asubuhi na jioni huku akinigombeza kana kwamba amenizaa yeye. Nipe habari za Tola, kama kikohozi kimemwacha, na za yule mbuzi mwekundu, kama ameshazaa. Huku mvua ya kwanza imenyesha na kila mtu yuko shambani na jembe lake.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Unajua kwamba Zikri amekufa, na kwamba amefia mikononi mwangu. Tulikuwa wawili tu kwenye shinikizo la zeituni. Mimi nilikuwa juu nimeshika kamba ya lile jiwe kubwa la kukandamizia, yeye alikuwa chini akifunga fundo, na jiwe likamwangukia. Nilipoona hapumui nilikimbia. Sikwenda hata kumwambia mama yake. Zikri ni ndugu wa Guni, na Guni ndiye mwenye haki ya kuidai damu yake. Guni ni mumeo, tena ana mbio kunishinda, hilo tunalijua sote.

Niliposimama langoni hapa wazee waliniuliza, "Kijana, unakimbia nini?" Nikasema, "Nimeua mtu." Mzee Kenania, anayekaa langoni, akashika kichwa. "Ndivyo watu wanavyoingia mji wa makimbilio? Wenzako huanza kwa kusema hawakukusudia!" Nikamwambia hilo nilidhani wataniuliza wao. Akasema, "Mwingizeni huyu kabla hajaongeza neno, asije akajiua kwa mdomo wake."

Niambie mlimzika wapi. Niambie Mama Naara anaendeleaje, maana Zikri ndiye aliyekuwa kitinda mimba wake. Na Guni, anakutendeaje?

Barua hii anakuletea Gera, muuza chumvi. Mpe chakula. Atakuambia ameshiba, usimsikilize.

Nduguyo,
Asieli

*

Abeli-Rimoni, mwanzo wa baridi

Mdogo wangu Asieli,

Nawe pia amani. Tola amepona, kikohozi kimehamia kwa mdogo wake, humu ndani hakuna kinachokwenda mbali. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, majike wote. Mvua imebomoa ukuta wa bustani ya juu, ule uliojenga wewe, kwa hiyo naomba habari za ufundi wako wa kuta zikome leo. Gera alisema ameshiba, akala mikate mitano.

Zikri alizikwa siku ileile, katika pango la baba zake, kabla jua halijazama. Mama mkwe hajasema neno tangu hapo. Ukimwekea mkate mkononi anakula, usipomwekea hali.

Sasa nisikilize vizuri. Guni alisimama langoni mbele ya wazee wa mji, akaapa kwa jina la Bwana kwamba hatakata nywele mpaka ailipe damu ya ndugu yake. Wazee wakamwambia asubiri. Wewe utaitwa mbele ya mkutano wote, na Shilemu, mkuu wa kabila letu la Naftali, atakuja kukaa katikati, na mkutano ndio utakaoamua kati yako na Guni. Swali ni moja tu: je, ulikuwa ukimchukia Zikri kabla ya siku ile? Ikionekana hukumchukia, utarudishwa Kedeshi ukaishi. Ikionekana ulimchukia, utatiwa mkononi mwa Guni, na Guni hatarudi nyumbani na upanga mkavu.

Na mashahidi wamepatikana, wawili, idadi inayotakiwa na sheria. Wanasema siku ya kukanyaga zabibu walikusikia ukimwambia Zikri, "Mwaka huu hauishi sijakuzika." Wewe na utani wako! Najua, na kila mwenye masikio hapa anajua, kwamba wewe na Zikri mlikuwa mkitukanana tangu siku nilipoolewa. Mashemeji wasiotaniana ni mashemeji gani? Lakini utani ni wa watu wawili, Asieli. Mmoja akishafukiwa, maneno ya yule wa pili yanabaki peke yake, na yakibaki peke yake yanatisha.

Kwa hiyo niandikie. Nieleze jiwe lilivyoanguka, hatua kwa hatua, nipate cha kuwaambia wazee nyumba kwa nyumba kabla baragumu la mkutano halijapigwa. Nitaanza na yule mwenye jicho moja. Huyo akishasema ndiyo, wenzake humfuata kama kondoo wanaokwenda kunywa maji. Sitakaa kitako nikingoja watu waniamulie kama nina ndugu au sina.

Usitoke Kedeshi. Ukivuka mpaka wa malisho ya mji, Guni akakukuta nje, atakuua na hatakuwa na hatia. Umenisikia?

Dadako,
Atara

*

Kedeshi, katikati ya baridi

Dada Atara,

Amani. Samahani kwa kuchelewa. Gera alikwama kwenye matope upande wa chini wa Hasori, na punda wake alikataa kuendelea hata kwa kubembelezwa. Nimefurahi kuhusu Tola. Ukuta wa bustani ulibomoka kwa sababu wewe ulinitaka nimalize kabla ya Sabato. Mawe hayapendi kuharakishwa.

Hapa nimepata kazi. Mwenyeji wangu ana kondoo wengi, na mkewe amenifundisha kufuma. Mwanzoni watoto walikuja kunicheka, mwanamume mzima mbele ya mtambo wa kufumia. Sasa wamenizoea.

Umeniuliza kuhusu jiwe. Liliponyoka, likaanguka. Sina zaidi.

Katika mzigo wa Gera utaona joho la sufu. Ni la Mama Naara. Nimelifuma mwenyewe, ndiyo maana bega moja limepanda. Baridi ya huko naijua, na aliyekuwa akimtafutia sufu kila mwaka ni Zikri. Mpelekee tu. Usimwambie maneno yoyote kutoka kwangu, sina maneno ya kumwambia.

Hukunijibu kuhusu Guni. Anakutendeaje?

Asieli

*

Abeli-Rimoni, lozi zinachanua

Asieli,

Amani. Watoto wazima, mbuzi wazima, na hapo ndipo salamu zangu zinapoishia, maana nina hasira.

Umefanya nini? Nani alikushauri? Gera alifungulia mzigo wake langoni, mbele ya watu, kama anavyofanya siku zote. Wakauliza joho lile ni la nani. Gera hajui kusema uongo, hata ule mdogo unaosaidia watu, akasema, "La Mama Naara, limetoka kwa Asieli." Guni alikuwepo. Akalichukua, akaliinua juu, akapaza sauti: "Jamani, njooni muone bei ya ndugu yangu! Sufu! Tena bega moja limepanda!" Hakuna aliyecheka.

Wewe umelelewa na baba yuleyule aliyenilea mimi. Hujui kwamba damu haipokelewi fidia? Si fedha, si ng'ombe, si joho. Na anayeleta fidia anakuwa amekiri kwamba kuna anachokilipia. Mzee mwenye jicho moja nilikuwa nimeshampata! Nilikwenda kwake mara tatu, nikavumilia hadithi zake za vita vya ujana wake, nikasifia meno ya mjukuu wake, akaniambia, "Binti, mimi naona ulikuwa utani." Baada ya joho lile alinisimamisha njiani akasema, "Binti, asiye na deni halipi." Akaondoka zake. Kazi ya majira yote ya baridi imekwenda na maji.

Wazee waliamua joho apelekewe mwenyewe, akilikataa lichomwe moto langoni. Mama mkwe alilitazama, akalipapasa, akalichukua, akaingia nalo ndani. Sasa mji mzima unalisema joho hilo. Wengine wanasema amepokea bei ya mwanawe. Wengine wanasema akili imemruka. Mimi nami sijui.

Naanza upya kesho. Mkuu Shilemu atakuja mwezi wa Zivu, shayiri ikishavunwa. Bado kuna muda, na miguu yangu bado ina nguvu.

Jambo jingine. Gera anasema umekonda. Anasema kila jioni unatembea mpaka kwenye mawe ya mpaka, unasimama hapo ukitazama barabara inayokuja huku, na ukiitwa huitiki. Unakwenda kufanya nini huko?

Atara

*

Kedeshi, mwezi wa Abibu, baada ya Pasaka

Dada Atara,

Amani kwako. Nimekula Pasaka na familia ya Mlawi. Walinipa nafasi karibu na mlango, na mtoto wao mdogo alilala mapajani pangu kabla nyama haijaiva.

Kuhusu joho, una haki ya kukasirika. Nilifikiria baridi tu.

Umeniuliza nafanya nini mpakani. Nitakuambia, kwa sababu nimechoka kukuandikia habari za kondoo. Nafikiria kuvuka. Nikivuka, Guni atakuwa ametimiza kiapo chake na hana hatia. Wewe utabaki na mumeo na nyumba yako. Hutalazimika kugonga milango ya wazee wala kusifia meno ya mtu. Naona ni hesabu rahisi. Kilichonizuia mpaka sasa ni woga.

Na kuhusu jiwe. Nilikuwa nimeshika kamba, mikono ina mafuta kwa sababu tulikuwa tukikamua tangu asubuhi. Zikri alikuwa chini akinieleza jinsi atakavyonitafutia mke: mjane wa Yeseri, yule asiye na meno, ili angalau nisigombanie naye nyama. Akaanza kuigiza anavyotafuna. Nilikuwa nacheka, Atara. Ndiyo sababu sikukuandikia. Nilikuwa nacheka kwa sauti wakati kamba iliponiponyoka, na niliendelea kucheka kidogo hata baada ya jiwe kufika chini, kwa sababu sikuwa nimeelewa.

Sasa unajua. Mtu wa namna hiyo unamtetea wa nini?

Asieli

*

Abeli-Rimoni, mwezi uleule

Asieli,

Sina nafasi ya salamu. Gera nimempa punda wangu ili asisingizie wake.

Usivuke.

Umekaa na maneno yale majira yote ya baridi, mimi huku nikihangaika kutafuta mtu wa kunisaidia! Zikri alikufa akikuchekesha. Nani anamchekesha adui yake? Nani anacheka mpaka anaishiwa nguvu mikononi mbele ya mtu anayemchukia? Mashahidi wawili wana sentensi moja tu ya siku ya zabibu. Wewe una kicheko cha dakika ile yenyewe, nawe umekificha kama kitu cha aibu. Utakwenda kuyasema mbele ya mkutano kama ulivyoniandikia, na mjane asiye na meno pia umtaje.

Na hiyo hesabu yako ni ya mjinga. Unasema ukivuka utaniachia mume. Utaniachia mtu aliyemuua ndugu yangu, nimkandie unga kila asubuhi, nizae naye, nizeeke naye. Hilo ndilo unalotaka kunipa? Lichukue. Silitaki.

Wamechaguliwa wanaume wanne wakufuate huko na kukuleta mkutanoni ukiwa katikati yao, asikuguse mtu njiani. Usitoke na mwingine yeyote. Usitoke peke yako. Ukiona miguu inakupeleka mpakani, kaa chini, uishike.

Nakulilia na kukugombeza kwa wakati mmoja. Kaa hai.

Atara

*

Abeli-Rimoni, mwezi wa Zivu, ngano inaiva

Mdogo wangu Asieli,

Amani, na safari hii nalisema neno hili taratibu. Natumaini umefika salama, na kwamba wale wanne hawakukuchosha, maana yule mrefu akipata sikio la mtu haliachi. Watoto wanakusalimu. Tola anawaambia wenzake kwamba ulimkonyeza ulipopitishwa mbele ya mkutano. Kama ni kweli, sijui ulipata wapi moyo.

Ulipokwisha kusema yako walikufungia chumba cha lango, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata, na asubuhi walikuondoa kabla sijakufikia. Yapokee kwangu, kabla Gera hajakusimulia. Hakuwepo, lakini atasimulia vizuri kuliko sisi tuliokuwepo.

Walikusikiliza habari ya kicheko chako, na nikaona nyuso zimelegea kidogo. Lakini mzee mwenye jicho moja akasema, "Mshtakiwa hakosi hadithi." Wakaitwa mashahidi, wakasema yao. Kisha Guni akasimama. Hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Alisema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu aliambiwa atazikwa, akazikwa. Baada ya hapo likaja joho. Mnataka niongeze nini?" Hata mimi niliyasikiliza maneno yale nikaona yana miguu ya kusimamia.

Mkuu Shilemu alikuwa katikati, macho ameyafumba. Wengi walidhani amelala, kwa jinsi alivyomtafuna mwanakondoo wa watu asubuhi ile. Nikasimama. Mzee mwenye jicho moja akaniambia, "Mwanamke, nani amekuita?"

Nikasema, "Damu imeniita, mzee. Inayodai na inayodaiwa, zote zimekula mkate wangu."

Shilemu akasema bila kufumbua macho, "Mwacheni. Anayo sababu ya kusimama kuliko sisi sote."

Nikawaambia, "Mimi nina swali moja kwa hawa mashahidi. Asieli aliposema atamzika Zikri, Zikri alijibu nini?"

Mmoja akasema hakusikia. Mwingine akasema amesahau.

"Mlisikia la kwanza mkasahau la pili? Na watu wale walikuwa wanapokezana kama watwanga kinu!"

Watu wakaanza kuguna. Mashahidi wakatazamana. Lakini swali langu halikuwa na mwenye kulijibu, Asieli, na nililijua hilo nilipokuwa nikiliuliza. Mimi siku ya zabibu nilikuwa nimebaki nyumbani na mtoto. Nilisimama pale nikiwa sina kitu kingine mkononi.

Ndipo mama mkwe alipokuja. Alitoka upande wa wanawake na fimbo yake, amevaa lile joho, bega limepanda vilevile. Watu walimpisha. Tangu Zikri azikwe hakuna aliyeisikia sauti yake, na sauti yenyewe ilitoka imekauka.

"Alijibu hivi: 'Wewe? Wewe hata shimo la kupandia kitunguu hulimalizi.' Nilikuwepo, nawabebea maji. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kama ule ulikuwa uadui, niandikeni na mimi, maana nilikuwa nawachekea wote wawili."

Guni akasema, "Mama, kaa."

"Nimekaa majira yote ya baridi. Sasa nasimama."

Shilemu akafumbua macho. "Na joho, mama? Ulilipokea la nini?"

"Kulikuwa na baridi."

Kisha mama mkwe akaongeza, "Fidia humwambia mtu: chukua, unyamaze. Mimi nimechukua, na hapa nasema. Haya, nani amenunuliwa? Na msije mkadhani nimemsamehe yule kijana. Sitaki apite mbele ya mlango wangu. Mikono yake ndiyo iliyomwachia mwanangu jiwe, na nikiiona mikono hiyo sitaweza kula. Lakini hakumchukia. Na huyu hapa ndiye mwana niliyebaki naye. Mkimpa ruhusa ya kuua mtu asiye na hatia, mtakuwa mmenizikia wawili."

Shilemu akawauliza wazee, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshika nguzo ya lango kwa mikono miwili. Wa kwanza akasema, "Hakumchukia." Wa pili vivyo hivyo. Yule mwenye jicho moja alimtazama mama mkwe, akamtazama Guni, akarudi kwa mama mkwe, mpaka nikatamani kumtikisa. Mwisho akasema, "Mama yake amecheka. Mimi ni nani?" Na mkutano wote ukaitikia kwa sauti moja.

Hukumu unaijua, walikusomea: utakaa Kedeshi mpaka siku atakapokufa Kuhani Mkuu aliyepo sasa. Siku hiyo, nyote mliokimbilia miji ya makimbilio mtakuwa huru kurudi makwenu. Kabla ya hapo, nje ya mpaka, kinga huna.

Ulikuwa ukiniuliza Guni ananitendeaje, na mimi nilikuwa nakuandikia habari za mbuzi. Sasa nitakujibu. Siku Zikri alipozikwa, Guni aliniambia mkate wake hauwezi kuliwa na mtu anayemtetea aliyemuua ndugu yake. Nikamwambia basi sitaula. Nilichukua watoto, nikahamia chumba cha mama mkwe. Nilikuwa namsagia unga, namchana nywele, nalala miguuni pake. Sikuwahi kumwomba aje mkutanoni, hata mara moja. Nilijua nikimwomba atakataa, na atakuwa na haki.

Jioni ya mkutano Guni alikuja, akasimama mlangoni kwa mama yake na nywele zake ndefu. Akasema, "Kila nilipokwenda kisimani watu walinitazama mikono. Wote walitaka kujua lini. Hakuna aliyeniuliza kama nalala." Akalia. Nilimwacha alie mpaka akamaliza, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimelia peke yangu miezi mingi. Kisha nikamwambia alete punda abebe jiwe la kusagia, tuhamie nyumbani sote, na mama yake. Akaleta.

Haijawa sawa. Tunazungumza habari za mashamba na mvua. Lakini tunazungumza.

Dadako,
Atara

*

Kedeshi, msimu wa zabibu

Dada Atara,

Amani kwako, na kwa Tola na mdogo wake, na kwa Guni. Nimeandika jina lake katika salamu, uamue mwenyewe kama utamsomea. Mama Naara sitamtumia salamu, kwa kuwa hakuziomba. Mwambie tu kwamba Gera ananiletea habari ya afya yake. Ndiyo, nilimkonyeza Tola. Alikuwa karibu kulia, na mimi pia.

Nimejenga chumba kimoja karibu na ukuta wa mji. Nimekijenga bila haraka. Mjane mmoja wa hapa, mwenye meno yote, huja kunisahihisha ufumaji, na mke wa Mlawi ameanza kutabasamu ovyo. Nitakuandikia kukiwa na cha kuandika.

Kuna jambo la hapa ambalo hukulisikia. Sisi tuliokimbilia mji huu tuko wengi kidogo, na kila anapoingia mchuuzi kutoka kusini, wenzangu humzunguka. Hawamuulizi bei. Wanamuuliza, "Kuhani Mkuu anaendeleaje? Bado anakohoa?" Akisema anakohoa, nyuso zao zinang'aa. Mwezi jana ilisemwa ameanguka bafuni kwake, na usiku ule watu walikunywa divai. Waliniita. Nilikwenda nikakaa nao kidogo, halafu nikarudi kwangu. Nataka kuja nyumbani, dada. Lakini siwezi kukaa nikimngojea mtu afe ili mimi nipate njia.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mzee Kenania nikamwomba kazi ya langoni, ya kuwapokea wanaokuja wakikimbia. Akaniuliza kama nimejifunza kusema. Nikamwambia kidogo. Akanipa.

Juzi alikuja mmoja, kijana wa kabila la Asheri, damu ya mwenzake bado iko kwenye nguo. Nyuma yake, kwenye kilima, kulikuwa na mtu mwenye upanga. Nilitoka mpaka penye mawe ya mpaka, nikasimama kwa ndani, nikamnyooshea mkono, nikamvuta. Yule wa upanga alifika, akatutazama sote wawili, akakaa chini barabarani akaanza kulia. Nikampelekea naye maji, nikayaweka juu ya jiwe la mpaka, akanyoosha mkono akayachukua.

Kijana alipopata pumzi hakuuliza chakula wala mahali pa kulala. Aliuliza, "Nitarudi lini nyumbani?"

Nikamwambia, "Siku atakapokufa mzee mmoja ambaye hujawahi kumkosea."

Nikaona midomo inacheza, ameanza kuhesabu miaka ya mzee wa watu. Nikamshika bega.

"Usihesabu," nikamwambia. "Mwombee aishi. Sisi tumeshaua vya kutosha."

Nduguyo,
Asieli